Volkeno ya Vigelegele

Kabla sijaanza, najiwekea sharti mwenyewe. Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, mwanzo wake na mwisho wake. Sikutia chumvi wala sikuongeza maji. Akitokea mtu akanishika na uongo, hata uwe mdogo kama punje ya ufuta, basi nitakwenda dukani mchana kweupe, ninunue halua ratili mbili, niiweke kwenye sinia, niibebe kichwani mwangu na mvi zangu hizi, nipite nayo Mji wa Kale mzima mpaka barazani kwetu, watu waile na wanicheke. Nimeapa. Sasa nisikilizeni.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, Mtaa wa Biashara, Jumamosi asubuhi, wakati ambao mtaa ule haupitiki kwa wanawake wanaochagua leso na waume zao wanaongoja nje wakijifanya wanasoma magazeti. Katika duka moja la redio na kanda, mikono miwili ilishika kanda moja ya video kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ulikuwa na saa kubwa ya bei rahisi. Mwingine ulikuwa na hina iliyoanza kufifia.

"Samahani bwana," akasema mwenye hina. "Hii nimeishika mimi."

"Na mimi nimeishika vilevile, bibi. Wewe umeshika kichwa, mimi nimeshika miguu."

"Basi mwenye kichwa ndiye mwenye mtu."

Mwenye duka, bila kuinua macho kwenye chai yake, akawaambia hakuna nyingine tupu mpaka mwezi ujao.

Mwenye saa alikuwa Abdulbasit, mwalimu wa jiografia katika shule ya wavulana huko Mbaraki. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilipigwa pasi hadi mikono yake ingeweza kukata mkate. Mfukoni alichomeka kalamu tatu, mbili kati ya hizo haziandiki. Mwenye hina alivaa buibui la hariri nyeusi na mtandio wa rangi ya ndimu, na miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akicheka. Akipita, yalibaki manukato ya udi nyuma yake.

"Waitaka ya nini?" Abdulbasit akauliza. "Ya arusi?"

"Ya kusomeshea."

"Nami ya kusomeshea."

Hapo wakatazamana vizuri. Yule bibi akajitaja kuwa ni Duha, anasomesha biolojia shule ya wasichana kule Kizingo, na chuoni alisomea hasa namna ya kutumia video darasani. Abdulbasit naye akajitaja, na aliposikia neno chuo, akajinyoosha. Yeye hakukanyaga chuo hata siku moja. Alikuwa karani bandarini Kilindini, akaenda shuleni kushika nafasi ya mwalimu aliyeugua kwa wiki mbili, na mwaka wa sita huu yumo. Yote aliyoyajua alijifunza mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali.

"Video mimi nimeisoma kwa mkono wangu," akasema. "Hakuna kifungo cha mashine ile nisichokijua."

"Sikuulizi vifungo. Ukiweka kanda, wewe huwa wapi?"

Ukweli ni kwamba Abdulbasit akiweka kanda alikuwa langoni kwa muuza kahawa. Kwake yeye video ilikuwa likizo ya dakika arobaini. Alitia kanda, akafunga kile kizimba cha chuma walichofungia televisheni kwa ajili ya wezi, akatia ufunguo na rimoti mfukoni, akaenda zake.

"Mbele ya darasa," akajibu. "Rimoti mkononi. Siketi."

"Hata ukichoka?"

"Nachoka nimesimama."

Duha akacheka, miwani ikateleza, na Abdulbasit akaiachia kanda. "Chukua wewe. Wasichana wako wasikose moyo kwa sababu yangu."

"Ni ini, wiki hii. Moyo tumeumaliza." Akaitia kanda mkobani. "Abdulbasit wa wapi wewe?"

Alipomtajia nyumba yao, Duha akafunika mdomo. "Basi wewe ni kakake Badria. Nilikuwapo kwenye kupamba kwake mwaka jana."

"Mbona sikukuona?"

"Ungenionaje, uliingia kwa mlango gani?"

Abdulbasit akacheka, maana kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bibi arusi, ni kwa wanawake peke yao. Mabuibui yanatundikwa mlangoni, nywele zinaachiliwa, watu wanacheza wapendavyo. Hata mpiga video ni mwanamke, na kanda ile haitoki mikononi mwa wanawake. Mume haioni, ndugu haioni.

Nambari ya simu aliipata kwa Badria baada ya kumbembeleza kwa siku tatu. Kwa wiki tatu ikawa kila jioni baada ya magharibi simu inalia kwa kina Duha, na shangazi yake, Mwanakuu, anainua.

"Ni yule wa ramani," husema shangazi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Hujambo mwalimu," Duha huanza.

"Sijambo mwalimu. Leo nimekula samaki wa kupaka, nikakukumbuka."

"Samaki anikumbushe mimi? Ana miwani?"

"Ana mifupa midogomidogo. Mtu asipotulia, inamchoma."

"Basi tulia."

Ukipita muda Duha huuliza mambo ya kazi, na Abdulbasit humpa mambo ya kazi, kila siku makubwa kuliko ya jana. Alimwambia anasimamisha picha mara kumi na mbili kwa kila somo. Alimwambia ana daftari la maswali. Alimwambia mkaguzi wa elimu alitoka darasani mwake anafuta machozi. Duha aliamini, au alitaka kuamini, na siku moja akasema kwa upole, "Wajua, mimi mume mvivu simtaki. Mwalimu anayeacha watoto mbele ya kioo kama ng'ombe, hata nyumba ataiacha vilevile."

Maneno hayo yalimkosesha Abdulbasit usingizi. Hata hivyo hakubadilisha kitu.

Sasa ile Jumamosi aliyoiachia kanda, usiku wake televisheni ilikuwa na kipindi cha volkeno, na yeye kanda hana. Akaingia chumba alichokulia Badria, akapekua kabati, na ndani ya foronya akaikuta kanda isiyokuwa na karatasi wala jina. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kanda imevishwa foronya. Yeye alisema moyoni, "Tupu hii," akaitia kwenye deki la nyumbani, akabonyeza, akalitegea lijizime kipindi kikiisha, akaenda kulala. Alipoamka, volkeno zimeingia, dakika ishirini na tano. Hakuitazama zaidi ya hapo. Hakuwahi kutazama kanda yoyote kabla ya kuipeleka darasani. Aliona ni kupoteza wakati.

Siku ya somo ilifika baada ya zile wiki tatu za simu, Alhamisi, kidato cha tatu, vijana arobaini na wawili. Abdulbasit akaweka kanda, akasema, "Tazameni, andikeni," akafunga kizimba, akaondoka. Siku hiyo hata kwa muuza kahawa hakwenda. Karani hakuwepo, simu ya ofisi ilikuwa peke yake, na ofisi ilipakana ukuta na darasa. Akapiga kule Kizingo, akamtaka Mwalimu Duha.

"Kuna nini saa hizi? Huna darasa?"

"Ninalo, ndimo nilimo. Nimetoka dakika moja tu kukusikia sauti. Nimewasimamishia picha ya lava, wanajibu swali."

"Swali gani?"

"Swali gumu."

Duha akacheka. Wakaendelea. Dakika moja ikawa kumi, kumi ikawa ishirini. Abdulbasit alikuwa amekaa juu ya meza ya karani, anapunga miguu, anamweleza namna alivyo mkali wa wakati. Kisha, kupitia ukutani, ikaanza ngoma, na nyuma ya ngoma wanawake.

"Sauti gani hiyo?" Duha akauliza.

"Volkeno."

"Volkeno?"

"Inalipuka."

"Abdulbasit, volkeno gani inapigiwa vigelegele?"

Simu aliiweka vibaya, ikaning'inia kwa waya wake. Alikimbia, na alipofika mlangoni alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Vijana wawili, Katana na Charo, walikuwa wamesimama mbele ya kizimba wameipa mgongo televisheni, wameinua ile ramani kubwa ya Afrika ya ukutani, wameifunika kioo chote. Wengine wote walilaza vichwa juu ya madawati. Hakuna aliyecheka. Muziki ulikuwa unatoka nyuma ya Kongo na Sudani.

"Teremsheni ramani hiyo," akasema Abdulbasit. "Nani amewaruhusu?"

"Mwalimu," Katana akasema taratibu, "afadhali uzime kwanza."

"Nimesema teremsheni."

Wakateremsha, na wao wakainamisha vichwa.

Kwenye kioo kulikuwa na ukumbi wa taa za rangi, na katikati yake Duha. Gauni la kijani lililomshika kiunoni, dhahabu masikioni, nywele zimeachiliwa mpaka kiunoni. Hakuvaa miwani. Alikuwa anacheza na macho ameyafumba nusu, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Akaja kuelekea kamera, akageuka, nywele zikazunguka nyuma yake. Ukanda wa kiatu ukakatika, naye badala ya kusimama akakiokota, akakipunga juu kama kitambaa, wanawake wakapiga vigelegele.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Rimoti ilikuwa mfukoni. Mkono wake ulikuwa umening'inia tu.

"Mwalimu," akasema Charo, bado ameinama. "Zima."

Ndipo akazima. Alipogeuka, vijana arobaini na wawili walikuwa wanatazama sakafu, na akajua kwamba hawaoni haya kwa ajili ya Duha. Wanaona haya kwa ajili yake.

Vijana hawakusema kitu nje. Lakini muziki wa kupamba ukitoka darasani saa tano asubuhi hauhitaji mtu wa kuusema. Mwalimu mkuu, Mzee Chonga, alimwita ofisini, akanyoosha kiganja bila neno, na Abdulbasit akatia ndani yake ufunguo na rimoti. Jioni Mji wa Kale ulijua kwamba kanda ya Badria imechezwa mbele ya wanaume. Habari ilikuwa inakua kila kona: huku wanasema darasa moja, kule wanasema shule nzima, mbele zaidi wanasema na maaskari wawili walikuwepo.

Badria alikuja na mkasi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza ndugu yake. Alikaa kitini, akaivuta ile tepu nyeusi kutoka tumboni mwa kanda, akaikata vipandevipande mapajani mwake.

"Dakika ishirini na tano za kuingia kwangu ukumbini umezifunika moshi," akasema. "Zilizobaki umewapa watoto wa watu. Nisaidie kufagia."

Akafagia.

Siku zile Abdulbasit alipita njia za nyuma. Muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, aliona vinamsema yeye. Barazani watu wakinyamaza, aliona wamenyamazia yeye. Wakisema, aliona wanamsema. Kwa Duha alipiga simu mara tano siku ya kwanza.

"Duha yuko bafuni," akasema shangazi.

"Tangu asubuhi, shangazi?"

"Ni bafu kubwa."

Siku ya pili: "Bado hajatoka?"

"Yumo. Tumempelekea chakula."

Akaandika barua kurasa mbili. Alieleza kwamba umeme ulipungua nguvu, deki likajirudisha lenyewe, kitu ambacho kitaalamu kinaweza kutokea, na kwamba yeye alikuwepo hapohapo akazima mara moja. Barua ilirudi kesho yake kwa mkono wa Badria. Chini yake pameandikwa kwa wino mwekundu, kama daftari la mwanafunzi: *Ukiweka kanda, wewe huwa wapi?* Na chini zaidi: *Jumatano saa nne, darasani kwangu. Mwalimu mkuu wangu amekuruhusu. Usijibu mpaka umeona.*

Alikwenda Kizingo amevaa shati lile la pasi, akakalishwa nyuma kabisa kwenye dawati la msichana, magoti yamemfika kidevuni. Duha hakumtazama. Alivaa buibui, mtandio mweupe uliobanwa kwa pini mbili.

Kabla ya kuwasha chochote, aliandika swali ubaoni: mbu anamwaga nini kabla ya kunyonya? Wasichana wakabisha, mmoja akasema sumu, mmoja mate. "Haya, tutaona nani amepatia," akasema Duha, akawasha. Aliondoa sauti. Dakika mbili tu zikapita, mkono wake haukutoka kwenye mashine. Akasimamisha. "Nini kinafuata? Kichoreni." Wakachora. Akaendeleza, wakashangilia au wakafuta. Akarudisha nyuma, akauliza tena, safari hii msichana wa mwisho aliyekuwa hajasema neno akajibu. Kanda yote iliyotumika haikufika dakika sita. Kilichobaki kilikuwa maneno ya watoto wenyewe, na Duha akizunguka kati yao.

Abdulbasit alikuwa ameshika kalamu ambayo haiandiki. Miaka sita, akawaza. Miaka sita nimewapa vijana wale kioo na mgongo wangu.

"Mgeni wetu," Duha akasema ghafla, na vichwa vyote vikageuka. "Umeona nini?"

"Nimeona," akajibu, "kwamba mwalimu hakutoka."

Wasichana hawakuelewa. Duha alifuta ubao kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Baada ya kengele walisimama verandani, hatua tatu kati yao, mlango wa darasa wazi.

"Sasa jibu," akasema Duha.

"Nilikuwa ofisini. Juu ya meza ya karani, nasema nawe. Na siku nyingine zote nilikuwa langoni kwa kahawa. Daftari la maswali halipo. Mkaguzi hakulia. Mkaguzi hajaja."

"Hilo nilishajua. Endelea."

"Chuo sikusoma."

"Hilo nalo Badria aliniambia siku ya kwanza. Sikujali. Endelea, kuna lingine. Naliona limekaa hapo shingoni."

Abdulbasit akatazama viatu vyake. Hakuna mtu aliyejua lile ila vijana, na vijana walikuwa wamelifunika kama walivyofunika kioo. Angeweza kwenda nalo kaburini.

"Hawakukuona," akasema. "Yaani waliona kidogo, kisha wakainua ramani wakakusitiri. Walilaza vichwa. Mimi ndiye niliyewaambia wateremshe. Na rimoti ilikuwa mfukoni mwangu, na sikuitoa. Nilitazama."

Mkono wa Duha ukapanda kwenye mtandio, ukahakikisha pini moja, kisha ya pili.

"Kiasi gani?"

"Mpaka ulipogeuka."

"Halafu?"

"Halafu nikazima."

Alimtazama kwa ile miwani yake, bila kicheko. "Watoto wa miaka kumi na saba wamenistahi," akasema, "na mtu anayetaka kunioa akanivua." Akaingia ndani. Abdulbasit akabaki verandani, na alikuwa ameshaanza kushuka ngazi aliposikia nyuma yake: "Utawarudia. Utasimama mbele yao useme nani alikosa. Kisha utawasomesha volkeno upya, kama inavyopaswa. Mimi nitakuja kuketi nyuma."

"Mzee Chonga amechukua ufunguo."

"Basi kauombe."

Kuomba ufunguo ule kulimchukua wiki mbili na heshima yote iliyobaki. Siku ilipofika alisimama mbele ya kidato cha tatu, mikono nyuma, na Duha dawati la mwisho. Alisema: "Siku ile nyinyi mlifanya kazi yangu, na mimi nikawakemea. Katana, Charo, nisameheni." Sauti ilimtoka ndogo. Vijana wakaona haya kwa mara ya pili, lakini safari hii walimtazama. Kisha akaandika swali ubaoni, akawasha kanda mpya aliyoitazama nyumbani mara nne, akasimamisha dakika ya pili, na mkono wake haukuondoka kwenye mashine mpaka kengele ilipolia. Somo lenyewe lilikuwa baya. Alisahau kurudisha sauti, akachora mlima juu chini. Lakini hakutoka.

Jioni ile simu ililia kwao, mara ya kwanza ikitoka upande wa Duha.

"Ulikuwa mbaya sana leo," akasema Duha.

"Najua."

"Ule mlima ulikuwa kama sufuria."

"Najua, mwalimu."

Kisha, kwa sauti ya chini, shangazi asisikie: "Mtume mjomba wako Ijumaa, baada ya sala. Na mwambie asipite njia za nyuma. Apite mbele za watu."

Hadithi yangu ingeishia hapo, na ingeishia vizuri, kama nisingekuwa na tabia ya kuacha karatasi mezani. Mke wangu amezisoma jana, tangu neno la kwanza, miwani imemteleza puani kama ilivyomteleza Mtaa wa Biashara. Amekuja barazani nilipokaa na wenzangu, karatasi mkononi. Ndiyo, Abdulbasit ni mimi. Mlidhani ni nani?

"Nywele zangu hazikuwahi kupita mabegani," akaanza.

"Hiyo ni mbwembwe ya mwandishi, mama."

"Gauni lilikuwa zambarau."

"Kanda za zamani rangi hubadilika."

"Nimekusamehe." Akageuza karatasi, akaweka kidole. "Na hii ya kiatu? Kiatu kilikatika mwisho wa wimbo. Baada ya kugeuka nilicheza tena kama dakika mbili nzima. Miaka thelathini na zaidi wewe wasema, mpaka ulipogeuka, halafu nikazima. Kiatu umekiona wapi?"

Wenzangu wakaacha kunywa kahawa. Nilitafuta jibu kila mahali nilipozoea kulipata, kisha nikaweka kikombe chini.

"Nilikitazama," nikasema. "Wimbo wote. Mpaka Charo aliponiambia zima."

Duha akaingia ndani, akarudi na sinia lile kubwa la shaba, akaniwekea mapajani.

"Ratili mbili," akasema. "Na usipite njia za nyuma."

Leo saa sita mchana nimepita nayo, kutoka dukani mpaka kwetu, mafuta ya halua yakinishuka kwenye mvi. Watu wametoka madirishani. Yeye alikuwa amesimama mlangoni ananingoja, na nilipomkaribia akanyoosha mkono akanipokea sinia. Hakucheka mpaka nilipoingia ndani.